Mkalimani Aliyeyajaribu Majina Koridoni

Mkalimani hakupenda majina mazuri. Ukimletea jina lenye lulu ndani yake, au mwezi, au ua la majira ya kuchipua, alilipokea kwa tahadhari kama mtu aliyepewa kikombe chenye ufa, akaligeuza huku na huku, kisha akakurudishia. "Zuri," alisema. "Sasa twende nje tukaliite."

Hakuwa anatania. Tulikuwa tunakaa Thamesmead, pembezoni mwa London, kwenye jengo ambalo milango yote ya ghorofa moja hufunguka kwenye korido ndefu iliyo wazi upande mmoja, juu ya uwanja wa kuchezea watoto. Mkalimani aliegemea ukuta mfupi wa korido ile kwa viganja vyake viwili, akalipaza jina la watu kuelekea uwanjani kama mama anayemwita mtoto aje kula. Akasikiliza. Akaliita tena kwa hasira, kama vile mtoto amekataa. Kisha akaliita kwa hofu, kama vile mtoto haonekani. Jina likishindwa mojawapo ya hizo, lilikuwa limeanguka mtihani. "Hili ni la kuandika kwenye bahasha tu," alisema. "Mtoto akipotea sokoni utaona aibu kulitaja."

Majirani walishazoea. Mnaijeria mmoja wa ghorofa ya chini, mwenye sauti nzito, alikuwa akimjibu kutoka uwanjani: "Huyo leo hajaja, mama! Jaribu kesho!" Na Mkalimani, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka mpaka akajishika ubavu.

Waliomletea majina walikuwa kina mama vijana wa Kichina wa maeneo yetu, wanaoishi mbali na wazee wao. Walikuja na mimba kubwa na simu iliyojaa majina. Aliyajaribu yote, na hakuwahi kutoa hata moja la kwake. Kabla hawajaondoka aliwauliza swali lile lile: "Mkubwa wenu ni nani? Mmemuuliza?"

Binti yangu alipozaliwa, nami nilimwendea, tena mara nyingi kuliko wote.

Mke wangu ni Mchina aliyezaliwa London. Kichina anakielewa ila hajui kukisoma, na ukimsemesha kwa Kichina hukujibu kwa Kiingereza. Mama yake alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Baba yake ni mpishi mwenye kimgahawa chake upande wa Neasden. Hakuja kwenye harusi yetu. Alituma jibu kwamba siku hiyo jiko lina kazi nyingi, na tangu hapo kimya. Binti alipozaliwa nilimwandikia kwa kutumia programu ya tafsiri ya kwenye simu, na kwa mara ya kwanza alijibu: atakuja mtoto akitimiza mwezi. Kwao siku hiyo ni kubwa kama arobaini ilivyo kwetu. Wageni hupewa mayai ya kuchemsha yaliyotiwa rangi nyekundu, na mtoto hutajwa jina lake la Kichina mbele ya watu. Jina la kwenye cheti tulikuwa tumeshampa, jina fupi ambalo kila mtu hapa anaweza kulitamka. Hilo lingine ndilo lililoninyima raha. Niliamini kabisa kwamba nikilikosea, mzee yule atavaa koti lake, atatoka, na binti yangu hatakuwa na babu upande ule maisha yake yote.

Mimi ni mtu ambaye hutoka nyumbani, nikafika kituo cha basi, nikarudi kuhakikisha kwamba mlango nimeufunga. Nilisoma chuo kikuu, na nadhani kitu pekee nilichokipata huko kwa hakika ni ustadi wa kuona ubaya wa kila upande wa jambo. Nikaanza kusoma habari za majina ya Kichina mtandaoni. Ukurasa mmoja ulisema mtoto aliyezaliwa saa ya binti yangu amepungukiwa maji, kwa hiyo jina lake liwe na maji. Mwingine ulisema maji yake yamezidi. Nilimpelekea Mkalimani mambo hayo yote mawili, nikiwa sijalala vizuri.

"Nani amesema?" aliuliza.

"Wataalamu, mama. Kwenye mtandao."

Akamfunua mtoto blanketi, akamtazama. "Maji anayo ya kutosha. Kambadilishe nepi."

Namwita Mkalimani kwa sababu hilo ndilo jina alilojitambulisha nalo kwetu. Sijui alizaliwa wapi, wala sikupata kuwajua watu wake, isipokuwa mwanawe mmoja aliyekuwa akija na gari jeusi na haraka nyingi. Mimi namjua kuanzia kwenye lifti.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, siku ya kwanza mimi na mama kuhamia jengo lile. Tuliingia kwenye lifti na masanduku yetu tukamkuta bibi wa Kichina na kigari chake cha sokoni, kimejaa majani mabichi na kimekaa katikati kabisa. Mama akaniambia kwa Kiswahili, huku akitabasamu kwa adabu kama wafanyavyo watu wanaomsengenya mtu mbele yake, "Na huyu naye, lifti nzima kaifanya ghala lake la mchicha."

"Si mchicha," akasema yule bibi, kwa Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari. "Ni majani ya maboga. Nakisogeza sasa hivi. Mnakwenda ghorofa ya ngapi?"

Mama mpaka leo akisimulia husema mfuko ulimponyoka. Mimi nilimwona akiuachia. Lakini kabla lifti haijafika juu walikuwa wameshaulizana habari za nyumbani, za kazi na za watoto, na kufikia Jumapili mama alikuwa anamwita shoga.

Ujanani Mkalimani alikuwa amepelekwa Tanzania pamoja na kikosi cha madaktari wa Kichina, kwenye hospitali moja ya Dodoma, kazi yake kusimama baina ya daktari na mgonjwa. Kiswahili alikuwa amekisoma chuoni kwao kwa kusikiliza redio, ndiyo maana alikisema vile, kila neno likiwa limevaa viatu. Mama, ambaye ni mtu wa Morogoro na hula nusu ya maneno yake, alikuwa akimtania: "Shoga, mbona unaongea kama unasoma bajeti?"

"Wewe ongea kama unakimbia mvua," alimjibu, "mimi nitakusubiri barazani."

Kazi ile ilikuwa na sheria zake, na alinieleza sheria hizo miaka mingi kabla sijazihitaji. Mkalimani hakai katikati ya watu. Hukaa nyuma kidogo ya bega. Hali wala hanywi akiwa kazini. Haongezi neno, hapunguzi neno. Na kamwe hasemi "huyu anasema kwamba". Mgonjwa akisema naumwa, mkalimani naye husema naumwa.

"Nimezaa mapacha," aliniambia siku moja tukimenya viazi. "Nimeng'atwa na nyoka. Nimekuwa mzee wa Kigogo aliyegoma kuvua shuka lake mbele ya daktari, nikamfokea daktari kwa Kichina mpaka akatoka nje. Ikifika jioni nilikuwa sijui kama mimi mwenyewe naumwa au siumwi."

Labda ndiyo sababu alikuwa mgumu kutoa maoni yake. Ukimweleza jambo aliuliza nani amesema. Ukimuuliza yeye anaonaje, alikutazama kana kwamba umemwomba akukopeshe meno yake. Mama alimuuliza mara moja kama pazia letu jipya limependeza. Akafikiri sana. "Duka linasema limependeza," akajibu.

Na bado mtu huyohuyo, asiyeweza kuongeza neno la mwenzake, alikuwa mwizi mkubwa wa karata. Alificha karata chini ya sahani, kwenye mkono wa sweta, hata chini ya paja la mama bila mama kujua. Akikamatwa hakutahayari. "Karata si maneno," alisema. Chai yake aliipika kwa maziwa mengi na tangawizi, na chai ya kwao iliyoletwa na mwanawe aliitumia kuondoa harufu kwenye kabati la viatu. Na kila asubuhi alifungulia redio za Tanzania kwenye simu yake, lakini taarifa ya habari hakuijali. Alingoja matangazo ya vifo. Aliyasikiliza ameinamisha kichwa, jina baada ya jina, na jamaa wa marehemu walipotajwa, wa Dodoma, wa Kongwa, wa Mpwapwa, alisogea karibu zaidi na simu. Nilimuuliza anamtafuta nani. "Nasikiliza tu majina," alisema.

Alipoona jina la binti yangu limenishinda, aliniuliza swali lake. "Mkubwa wenu ni nani?"

"Baba mkwe. Lakini mama, hatuzungumzi naye."

"Sikuuliza kama mnazungumza. Nimeuliza kama mmemuuliza."

Nilidhani ni ugumu wake wa kawaida. Ningemuulizaje jina mtu ambaye hakutaka hata kuja kula pilau ya harusi yangu? Nilitaka kumpokea na jambo lililokamilika, asipate pa kukosoa.

Jawabu alilileta mama, akiwa anamwogesha mtoto. "Kwani bibi yake hana jina?" akasema.

Kwetu mambo ndivyo yalivyo. Mimi mwenyewe nina jina la babu yangu mzaa mama, na kwa sababu hiyo mama huniita baba. Nikichelewa kurudi husema, "Baba leo kachelewa." Nikivunja kikombe husema, "Aa, baba na wewe!" Mtoto akipewa jina la bibi yake huwa somo wa bibi yake, na nyumba yote humdekeza kwa ajili hiyo. Nilishangaa kwa nini sikuwaza hivyo mapema. Binti achukue jina la marehemu mama mkwe. Nani angekasirika?

Nilipomwambia mke wangu alilitaja jina la mama yake, polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu ya nyumba asiyoijua. Sikuwahi kumsikia akilitaja. Machozi yakamlengalenga. Akasema kwa Kiingereza kwamba atafurahi kumwita mtu jina hilo kila siku. Yeye naye hakujua mila za kwao. Aliyepaswa kumfundisha alikuwa ameondoka mapema. Siku hiyohiyo nikamwandikia baba mkwe kwamba tumeamua mtoto achukue jina la marehemu mke wake.

Aliusoma ujumbe. Hakujibu. Siku iliyofuata hakujibu. Nilijiambia jiko lina kazi nyingi.

Nikaenda kwa Mkalimani nikiwa nusu nimefurahi. Alikuwa anakunja nguo. Nilipomaliza kueleza, aliishika foronya mkononi asiikunje.

"Umeshamwambia?"

"Nimeshamwandikia."

"Ulimuuliza, au ulimjulisha?"

"Nilimjulisha."

Akakaa kitandani. "Kijana, kwetu jina la mkubwa halitajwi ovyo. Mtoto hamwiti mama yake kwa jina, hata akiwa mtu mzima. Mtu akishakufa ndiyo kabisa. Sasa wewe umelichukua jina la marehemu ukalivisha nepi. Mzee atamwambiaje mtoto aache kulia? Atamfokea mkewe?"

"Lakini kwetu ndiyo heshima yenyewe! Mama ananifokea kwa jina la baba yake kila siku."

"Najua kwenu," alisema. "Najua sana kwenu." Akaikunja ile foronya, akaikunjua, akaikunja tena.

Nikamwomba aje siku mtoto atakapotimiza mwezi asimame baina yetu, kwa sababu Kiingereza cha baba mkwe ni cha jikoni, na mke wangu alishasema hatamtafsiria baba yake neno lolote: akitaka kusema, aseme na watu. Programu ya simu ilikuwa imeshafanya kazi yake na matokeo nimeyaona.

"Nani ananipa kazi?" aliuliza. "Wewe au yeye?"

"Wote wawili, mama."

"Hapo sawa. Niwekee kiti. Na mama yako asinipe chai mpaka nimalize."

Alikuja amevaa sketi nyeusi na blauzi iliyopigwa pasi, nywele amezibana nyuma. Sikuwahi kumwona hivyo. Baba mkwe aliingia baadaye kidogo, mtu mfupi mwenye koti zito, mikono yote miwili mifukoni, mfuko wa plastiki ukining'inia kwenye kiwiko. Mke wangu alimsalimu kwa maneno mawili, mtoto akaanza kulia, akaenda naye chumbani kumnyonyesha na kuacha mlango wazi kidogo. Mzee hakuvua koti. Alikaa ukingoni mwa sofa, akatazama zulia, akasema maneno yake kwa sauti ya chini.

Mkalimani, nyuma kidogo ya bega langu, akasema, "Mke wangu nilimzika mwenyewe. Jina lake sijalitamka tangu siku ile. Leo unataka nilitamke ninapomwambia mtoto aache kutia kidole puani?"

Ni jambo la ajabu kumsikia bibi anayeiba karata akisema "mke wangu nilimzika mwenyewe". Hakuigiza. Alisema tu, na kwa kuwa alisema tu, maneno yalikuja mazima. Mama, aliyekuwa amesimama na birika, alilishusha mezani.

Nikajibu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, ikanipotea yote. Nikasema kwamba mimi nina jina la babu yangu. Kwamba babu alikufa kabla sijazaliwa, lakini kwa sababu ya jina hilo sijawahi kumwona kama mgeni. Kwamba mke wangu hana picha nyingi za mama yake, na mimi nilifikiri angalau awe na jina. Kwamba sikujua. Nilizungumza nikimtazama yeye, kama nilivyofundishwa, na nyuma yangu Kichina kilinifuata hatua kwa hatua, bila haraka.

Mzee aliinua macho kutoka kwenye zulia. Akatazama mlango wa chumbani. Halafu akasema sentensi moja fupi.

Mkalimani alichelewa. Hakuwahi kuchelewa, hilo hata mimi nililisikia. Kisha akasema, "Niulizeni mimi."

"Tunakuuliza, baba," nikasema. Nilisema upesi hivyo kwa sababu ya woga tu. "Tunakuomba jina."

Akayapeleka. Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akatoa mikono mifukoni. Vidole vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye viungo, nikadhani ameungua. Hakufikiri hata kidogo.

"Ning," alisema.

"Ning," akasema Mkalimani. "Maana yake utulivu."

Mama akaniangalia, akaangalia kucha zangu zilivyotafunwa. "Afadhali," akasema. "Humu ndani tulihitaji mmoja."

Na kwa kuwa hapunguzi neno, Mkalimani akamfikishia mzee na hilo. Baba mkwe alitazama kucha zangu, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kumbe anacheka. Akainuka, akasimama kwenye mlango wa chumbani bila kuingia, akaita, "Ning-Ning." Kwao jina fupi hurudiwa hivyo kwa mapenzi. Akafungua ule mfuko wake wa plastiki, ndani yake mayai mekundu, akakaa mpaka likabaki moja.

Ningeweza kuishia hapo kama ningekuwa mtu mwingine. Lakini walipokwisha kuondoka, mke wangu alikaa mezani akibandua ganda la yai, vipande vyekundu vikimganda vidoleni, akaniambia, "Baba hakusema tumuulize."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Mwiteni mnavyotaka, si mtoto wangu.'"

"Na wewe ulinyamaza?"

"Wewe ulimjibu kwamba unamwomba jina. Hilo ulilisema kweli, si ndiyo? Kwa masikio yake ilikuwa hivyo: amekwambia hajali, wewe ukamwomba. Nilitaka nione atafanya nini." Akaniwekea nusu ya yai kwenye sahani. "Kula."

Baba mkwe akaanza kuja kila Jumatatu, siku ambayo mgahawa hufungwa. Alimlisha mtoto uji wa mchele, alimwimbia, alinifundisha kukata vitunguu bila kuangalia kisu. Mtu mwenye akili ya kawaida angeridhika. Mimi kila nilipomwita binti yangu nilisikia nyuma ya jina lake ile sentensi nyingine. Jina hili lilitolewa, au lilichukuliwa kwa hila? Kama mzee hakutaka kuombwa, ni jina kweli? Nilisoma pia mtandaoni kwamba ni jina la kawaida mno, kwamba silabi moja ni fupi, kwamba upepo huichukua. Na nilitambua kwamba jina la binti yangu ndilo pekee ambalo Mkalimani hakuwahi kulijaribu koridoni. Kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza, mwanawe alikuja na gari lake jeusi akamhamishia kwenye nyumba ya wazee huko Stanmore.

Nilichelewa kwenda. Nilijipa sababu nyingi, zote nzuri. Nilipokwenda, binti alikuwa ameshajua kukimbia na kukataa mambo.

Nilimkuta uani, chini ya mwavuli mkubwa, akicheza karata na bibi wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu. Wafanyakazi wa pale walikuwa wamekwisha kukata tamaa ya kuelewa jinsi bibi wa Kichina na bibi wa Kihindi wanavyogombana siku nzima kwa Kiswahili.

"Kijana, keti, uwe shahidi," bibi wa Kisumu aliniambia kabla hata sijasalimu. "Huyu mama anaiba mchana kweupe!"

"Shikamoo, mama," nilimwambia Mkalimani.

"Marahaba. Umekonda. Bado unasoma habari za maji?"

Alikuwa amepungua sana. Mkono uliokuwa ukiegemea ukuta wa korido sasa ulikuwa mwepesi kama karata zenyewe. Nilimwacha Ning, niliyekuja naye, acheze kwenye nyasi. Bibi wa Kisumu alipoitwa ndani kunywa dawa, nikauliza. Nilizunguka sana, kama kawaida yangu, mpaka akaniinulia kiganja.

"Unataka kujua kama nilibadilisha maneno."

"Ndiyo, mama."

"Nilibadilisha." Akazipanga karata. "Nimefanya hivyo mara mbili maishani. Ile ya kwanza ilikuwa Dodoma. Mama mmoja alijifungua kwa taabu, tukakaa naye siku nyingi. Siku ya kuondoka akasema mbele ya daktari, 'Mtoto huyu nampa jina la mkalimani.' Jina langu. Nami nilikuwa msichana, mbali na kwetu, mzima wa afya. Niliona kama amenivua jina akaniacha hivi hivi. Nikamwambia daktari, 'Mgonjwa anashukuru.' Mama akauliza, 'Daktari kasemaje?' Daktari alikuwa ananawa mikono, hakusema kitu. Nikamwambia, 'Daktari anasema hapana. Hairuhusiwi.'"

Ning alikuwa amepata kijiti na anapiga nacho nyasi.

"Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka bila kuniangalia. Baadaye nilikaa na watu wa kule, nikaelewa alichokuwa ananipa. Labda alimpa mtoto jina lile hata hivyo. Jina la Kichina pale Dodoma ningelisikia, hata kwenye redio."

Nikakumbuka simu yake ya asubuhi na kichwa alichokiinamisha.

"Baba mkwe wako," akaendelea, "wewe ulikuwa unamsikiliza mdomo. Mimi nilikuwa naona mikono yake ndani ya mifuko, rangi imefika mpaka kwenye pindo la mkono wa shati. Mgahawani ana vijana wa kumfanyia kazi. Mayai yale aliyatia rangi mwenyewe, moja moja, kwa vidole. Mtu asiyemtaka mtoto hafanyi hivyo. Na jina alilitoa saa ile ile ulipomwomba. Alikuwa nalo muda mrefu." Akanitazama. "Sasa umekuja kuniuliza nini kingine?"

"Kama linafaa," nikasema. "Hukulijaribu."

Aliegemeza viganja vyake kwenye mikono ya kiti, akanyoosha shingo, akaita, "Ning-Ning!" Sauti ilikuwa bado ileile. Mtoto aligeuka. Akaita tena kwa hasira, na Ning akamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba hataki. Mkalimani akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akaita mara ya mwisho, kwa hofu, na sijui hofu ile aliitoa wapi, lakini hata wazee waliokuwa wanasinzia dirishani walifungua macho. Ning alitupa kijiti akaja mbio, akashika sketi ya Mkalimani kwa mikono miwili.

"Linafaa," alisema.

Nikamwinamia. "Nani amesema?"

Alikuwa amekwisha kuweka mkono juu ya kichwa cha binti yangu.

"Mimi," akasema.